Tulivyomfuata Nafula Nakuru

Nimeulizwa habari hii mtoni, nimeulizwa kwenye msumeno, na Jumapili iliyopita nimeulizwa hata kanisani watu wakipanga mstari wa sadaka. Kila nikianza, ama king'ora cha kiwanda cha mbao kinalia ama mtu ananikatiza kwa habari aliyoisikia kwingine. Mmoja ameambiwa mke wangu alijifungulia kwenye gari moshi. Mwingine ameambiwa nilipigana na daktari. Sikupigana na mtu. Basi leo nimekaa niandike yote, kipande kwa kipande, kama tulivyopita. Mwenye kutaka asome, asiyejua kusoma asomewe. Majina ya watu wa nje ya kambi waliotusaidia njiani sitayataja. Mengine siyajui, na mengine ni afadhali yasijulikane siku hizi.

Kambini

Mnaijua kambi yetu, juu ya Elburgon, mahali msitu wa Mau unapoelekea Kuresoi. Mvua yake mnaijua pia. Mke wangu Nasimiyu alikuja hapa kutoka kwetu Kimilili mwaka ule tuliooana, akashika mimba, ikawa mimba ya shida tangu mwanzo. Miguu ilivimba hata viatu vyangu vikambana. Ilipofika miezi sita alianza kuona damu kidogo, ikaja ikakoma. Dresa wa zahanati alisema alale tu. Wanawake wa kambi walisema atembee, mtoto asinenepe sana. Nasimiyu akawatii wote: asubuhi alilala kwa ajili ya dresa, jioni akatembea kwa ajili ya wanawake.

Baadaye dresa akampapasa tena, akasema mtoto amekaa kwa upande, kichwa hakiko chini. Akatuambia mwezi ukigeuka twende Nakuru tukangojee karibu na hospitali. Tulikubali. Nguo zilikuwa zimeshafungwa kwenye shuka.

Lakini damu haikungoja mwezi ugeuke. Asubuhi moja nilikuwa navaa koti niende kazini, mvua inapiga bati, nikasikia Nasimiyu ananiita.

"Wafula, usiende kazini leo."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, na sakafu chini yake ilikuwa nyekundu. Hakupiga kelele. Alinitazama tu kuona nitafanya nini, na mimi kwa kitambo nilisimama pale nikiwa na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

Kambini hadi Elburgon, kwa trekta

Lori la kiwanda lilikuwa limezama kwenye matope tangu juzi yake. Kilichoweza kutembea ni trekta inayovuta trela ya magogo, na dereva wake ni arap Koech, mtu asiyesema maneno mengi. Nilipomweleza alizima sigara yake, akaichomeka nyuma ya sikio, akaenda kuwasha.

Wenzangu wa kwenye msumeno walijaza magunia unga wa mbao, wakayapanga ndani ya trela, juu yake wakatandika mablanketi. Godoro kama lile halipatikani hata kwa Wazungu. Tukamlaza Nasimiyu, tukamfunika kwa turubai, mimi nikaketi kichwani pake nimeshika ncha mbili za turubai maji yasimwingie. Watu walitoka nyumbani wakasimama kwenye mvua. 

Arap Koech aliendesha kwa namna ambayo sijawahi kumwona akiendesha. Kila shimo alilizunguka. Mahali pengine alishuka, akatembea mbele kupima matope kwa fimbo, akarudi, akapanda. Nilitaka kumwambia afanye haraka, lakini kila trela ilipotikisika nilimwona Nasimiyu akiuma mdomo, nikaacha.

Chini ya mteremko wa pili tukakuta mtarakwa umeanguka, umelala njia nzima. Arap Koech alizima injini, akanigeukia.

"Msumeno uko chini ya kiti," alisema. "Njoo tukate."

Nimekata miti tangu nikiwa kijana, lakini mti ule ndio mgumu kuliko yote. Sikuona haja ya kuangalia mstari, mikono ilikwenda yenyewe, na nilikuwa navuta kwa nguvu mno hata msumeno ukapinda. Arap Koech akasema, "Pole pole, utaukwamisha." Ndipo sauti ikatoka chini ya turubai.

"Kateni vizuri tu. Msijali, mimi nimelala."

Arap Koech, ambaye hacheki, alicheka. Nami nikacheka, na baada ya hapo msumeno ukaenda sawa. Tulisukuma kipande kando kwa mabega, tukapita.

Stesheni ya Elburgon

Gari la abiria lilikuwa limepita, na lingine halikuwapo mpaka jioni. Kwenye reli palikuwa na gari la mizigo lililotoka upande wa Molo, limebeba mbao na viazi, linangoja kuondoka. Gadi wake, msimamizi wa safari, alikuwa Kalasinga mzee, kilemba kichwani, ndevu nyeupe, bendera kwapani. Nilimkimbilia nikiwa nimejaa matope mpaka usoni.

"Bwana, tafadhali, mke wangu ni mja mzito," nikamwambia.

"Mzigo mzito peleka kwa mizani," akasema, akinionyesha ofisi ya vifurushi.

"Si mzigo, bwana. Mja mzito. Mke wangu."

"Ya bibi pia peleka kwa mizani. Mizigo yote nakwenda mizani."

Nilimweleza tena, naye akanieleza tena, kila mmoja akipandisha sauti kidogo kama kwamba mwenzake ni kiziwi. Alipoelewa mwishowe kwamba nasema habari ya mtu, uso ukabadilika, lakini akatikisa kichwa. Gari ya mizigo, mtu hapana panda. Ni sheria, angefukuzwa kazi.

Pale kando alikuwapo mama mmoja wa Kikuyu, mtu mzima, anauza viazi vilivyochemshwa. Alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye trela, akainua turubai, akatazama. Kisha akarudi kwa yule gadi, akamshika mkono wa shati.

"Njoo uone kwa macho yako," alimwambia. "Ukishaona, sema tena hiyo sheria."

Mzee alikwenda. Alitazama mara moja, akageuza uso.  Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lete kwa behewa yangu. Upesi."

Tulimwingiza kwenye behewa la gadi pale mkiani, pamoja na magunia yake. Yule mama alipanda nasi, na kikapu chake cha viazi. Nikamwambia, "Mama, wewe unakwenda wapi?" Akanijibu, "Wewe umezalisha wangapi?" Nikamsogezea nafasi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu hatoki mahali pake bila pasi, na mama yule hakuwa na pasi ya kwenda hata stesheni inayofuata. Alijua hivyo, na alipanda.

Elburgon hadi Njoro, katika behewa la gadi

Yule mama alimlaza Nasimiyu kwa ubavu wa kushoto, akainua miguu yake juu ya sanduku la gadi, akamwambia asisukume hata akitamani. "Huyu mtoto hana mlango upande huo," alisema. "Ukisukuma utajiumiza bure. Ngoja wenye visu." Alimsugua mgongo, akamwimbia kitu cha kwao kwa sauti ya chini, na Nasimiyu, ambaye hakujua neno moja la Kikikuyu, aliitikia mwishoni mwa kila mstari.

Njoro tulisimamishwa. Reli ni moja, na gari lingine lilikuwa linakuja kutoka Nakuru, ilibidi lipite kwanza. Gadi alikwenda kwa mkuu wa stesheni kupiga simu ili hospitali ilete gari lake. Aliporudi alifungua kikopo chake cha chakula, akanigawia chapati na achari. Nilisema sina njaa.

"Kula," Nasimiyu akasema akiwa amefumba macho. "Mmoja wetu lazima awe na nguvu."

Nikala. Achari ile sikuijua. Niliitia mdomoni yote mara moja, moto ukapanda mpaka masikioni, machozi yakatiririka. Mzee akadhani nalia. Akanishika bega, akasema, "Hapana lia, bwana. Mungu iko. Mimi pia nazaa watoto saba, yote nakuja kwa shida." Nilijaribu kumweleza kuwa ni pilipili, lakini sauti haikutoka. Alivyozidi kunipigapiga bega ndivyo nilivyoona kweli nalia, na pilipili ilikuwa imekwisha zamani.

Tukiwa katika hali hiyo, askari akachungulia mlangoni. Macho yake yalipita kwangu, kwa gadi, yakasimama kwa mama wa viazi.

"Huyu anakwenda wapi? Pasi iko?"

 Mama alikunja mikono yake juu ya paja. Ndipo Nasimiyu akafungua macho.

"Ni mama yangu," alisema.

Askari akamtazama mke wangu, akamtazama yule mama, akamsemesha Nasimiyu kwa Kibukusu. Kumbe alikuwa mtu wa kwetu. Alimwuliza amezaliwa wapi. Nasimiyu akamjibu kwa lugha hiyohiyo, pumzi ikimkatika, kwamba amezaliwa Kimilili, na kwamba huyu aliyemshika mgongo ni mama yake, na kama ana shaka na amwulize tena mtoto akishazaliwa.  Askari alijua kuwa ni uongo kama nilivyojua mimi. Halafu akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Basi mtunze mama yako," akateremka.

Nimewahi kuona wanaume wakubwa wakikosa la kusema mbele ya askari. Mke wangu alisema akiwa amelala chini, akitokwa damu.

Gari la kutoka Nakuru lilipofika, mama akaamua kurudi nalo Elburgon. Alisema Nakuru askari ni wengi na si wote wa Kimilili. Gadi wetu akazungumza na gadi mwenzake, jambo likaisha. Kabla hajashuka mama alinishika mkono, akauweka juu ya tumbo la Nasimiyu.

"Likikaza, mwambie apumue. Likilegea, mwongeleshe. Usimwache alale."

"Mama, tukuite nani?"

"Ukijua jina utaulizwa jina," alisema. Aliacha viazi vyote.

Njoro hadi Nakuru

Kwetu mwanamume hakai na mwanamke katika saa kama zile. Baba yangu hakujua hata nyumba niliyozaliwa ilikuwa na watu wangapi ndani. Lakini pale hapakuwa na mwingine. Nilikaa sakafuni, mkono juu ya tumbo, nikasikia mtoto wangu akijikaza upande wa mbavu za mama yake kama mtu aliyebanwa mlangoni. Likikaza, namwambia apumue. Likilegea, namwongelesha. Maneno yalipokwisha nilimwambia majina ya miti tunayokata, na ipi hupasuka vizuri na ipi hula meno ya msumeno. Alisema tangu tuoane sijawahi kuzungumza kiasi hicho.

Nakuru tulifika mchana, lakini gari la mizigo halisimami penye jukwaa la abiria. Lilisimama mbali, katikati ya mabehewa, na gari la hospitali lilikuwa linatungoja kwa mbele, mahali pa abiria, dereva akishangaa kwa nini hakuna anayeshuka. Gadi alitoka akipeperusha bendera yake nyekundu kama mwenye wazimu, akiita wachukuzi. Walikuja na machela ya magunia, wakambeba juu ya reli, wakiitana, "Inua mguu, reli hiyo, reli nyingine." Mzee Kalasinga alitembea pembeni, bendera mkononi, mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Sikupata nafasi ya kumshukuru. Hapa ndipo namshukuru.

Hospitali

Nesi aliyempokea alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu. Alimpima, akanijia.

"Mtoto amelala vibaya," alisema.

Akili yangu ilikuwa imechoka. Nikamwambia, "Basi aamshwe."

Nesi alinitazama. Kutoka kitandani nikasikia kicheko kidogo, kikakatwa na uchungu. "Msamehe," Nasimiyu akamwambia. "Ni mtu wa magogo."

Daktari, Mzungu mrefu, alikuja akatusemesha Kiswahili chao. "Mutoto hapana weza toka. Damu mingi. Mimi nataka pasua. Bwana, wewe kubali?"

Marafiki, nilishindwa kujibu. Kambini nilishasikia kwamba aliyepasuliwa haamki, na akiamka hazai tena. Nilimtazama daktari, nikatazama mikono yake, nikawaza habari ya baba mkwe wangu, nitamwambia nini. Daktari akarudia swali. 

"Niulize mimi," Nasimiyu akasema. "Tumbo ni langu. Pasua."

Daktari akamgeukia nesi kuuliza amesema nini. Nesi akamweleza kwa Kiingereza. Daktari akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyeheshimu, akasema, "Mzuri." Nami nikapata sauti, nikasema, "Nimekubali pia," ingawa hakuna aliyekuwa ananingojea tena.

Walinitoa damu, wakaona inafaa, wakamtia. Nililala kwenye benchi nikiona chupa ikijaa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza siku ile kujisikia nina kazi. Kisha wakanifungia nje. Nje palikuwa na mzee wa mtaa wa Bondeni anayemngojea binti yake, akanipa nusu ya mkate wake na kuniuliza habari za bei ya mbao. Nilimjibu yote. Sijui nilimjibu nini.

Jua lilikuwa bado halijatua mawingu yalipofunguka kwa kitambo juu ya mlima Menengai, na nesi akatoka, mikono mitupu. Niliinuka.

"Mama yuko hai, bado amelala. Mtoto alikataa kulia. Tumempulizia, tumempigapiga, sasa amelia, na ameanza kutukasirikia. Ni msichana."

Aliniingiza nimwone. Alikuwa mwekundu, kichwa cha mviringo kwa kuwa hakupita penye kubana, na nywele nyingi zilizolala kama majani baada ya mvua. Nilimpa kidole, akakishika. Nina mikono ya msumeno, haina ngozi laini popote, lakini nilihisi kila kidole chake.

Nasimiyu alifumbua macho kesho yake asubuhi. Aliuliza, "Yuko?" Nikasema yuko. Akauliza mvua kama bado inanyesha. Nikasema bado. "Basi aitwe Nafula," akasema, akalala tena. Mwajua ni jina langu mimi, upande wa kike; kwetu hupewa aliyezaliwa wakati wa mvua.

Bondeni

Nilikaa kwa mtu wa kwetu anayefanya kazi ya reli, chumba kimoja Bondeni, yeye na mkewe na mimi nyuma ya pazia. Mkewe alinifundisha kupika uji wa wimbi usio na madonge. Wanawake wa kwenye bomba walinicheka kila asubuhi nikiosha sufuria, na baada ya siku chache wakaanza kuniuliza mtoto ameongezeka kiasi gani.

Taabu ilikuwa mlinzi wa lango la hospitali. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe ni nani?"

"Baba," nikasema.

Alinipima kwa macho. "Baba wa yule mwanamke aliyepasuliwa? Mbona kijana hivi?"

"Baba wa mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo juu yangu. Nililisema vizuri. Siku zilizofuata alikuwa ananijua, lakini bado aliniuliza wewe ni nani kwa desturi ya kazi, nami sikuchoka kumjibu.

Kurudi

Tulirudi kwa gari la abiria Nasimiyu alipoweza kutembea bila kujishika ukuta. Elburgon nilimtafuta mama wa viazi. Mahali pake palikuwa na mwingine, naye hakujua lolote, au hakutaka kujua. Nasimiyu alisimama pale na mtoto kwa muda, amemfunua uso, endapo kuna mtu anayetazama kutoka mahali fulani.

Kambini mlitupokea vizuri, hamna haja nieleze. Mlileta maziwa, kuni, na kuku. Lakini wengine wenu hamkuwapo jioni ile wanawake walipojaa nyumbani kwangu, kwa hiyo nitasema hili moja.

Walikuwa wanamgeuzageuza mtoto, wakimsifu. Ndipo mama mmoja, ambaye hana ubaya, akasema akimwaga chai, "Lakini wewe hukuzaa hasa. Wewe ulipasuliwa tu, ukiwa umelala usingizi. Sisi ndio tunaojua kuzaa."

 Mimi nilikuwa mlangoni na kuni, nikataka kusema, nikaona hakuna haja. Nasimiyu alimweka Nafula kwenye ziwa, akamtengenezea shuka, bila haraka.

"Mimi nilimzaa kuanzia kitanda hiki mpaka Nakuru," alisema. "Wewe wako ulimzaa umbali gani?"

Yule mama alifikiri, akacheka, akamsogezea kikombe kilichojaa zaidi. Na wale wengine wakasogeza viti karibu, wakamwambia aanze mwanzo.